Korongo Mwenye Pete

Niliporudi kwa baba sikuwa nalia. Nalitaja hili mapema kwa sababu wanawake wa jirani walikuja na vilio vyao tayari, wakaketi uani, wakaniangalia, wakangoja nianze ili wanifuate. Sikuanza. Niliwapa maji ya kunywa, nikawaambia ng'ombe wa baba wamenenepa, na baada ya muda wakaaga wakinong'onezana. Mmoja alisema, kwa sauti ya kunitosha kusikia, kwamba labda mtoto mwenyewe sikumpenda. Nilimsikia kama mtu anavyosikia habari za kijiji asichokijua, nikaenda kuosha vibuyu.

Mwanangu alikuwa amekufa kwa homa mwezi wa kumi, kule Geita, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, ambako mume wangu alishuka chini ya ardhi kila zamu kuchimba dhahabu ya wengine. Alikuwa na miezi minane na meno manne. Siku ya tatu baada ya kuzika mume wangu alirudi kazini, maana hakupewa ruhusa zaidi, akaniambia niende kwa baba nikapumzike mpaka mvua ziishe. Hakunifukuza. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na hakujua afanye nini na mke anayekaa kitandani akiangalia ukuta. Nilipanda lori la magunia ya mtama hadi upande wa Chato, nikamalizia kwa miguu.

Baba alikaa peke yake. Mama alifia Shinyanga kabla hatujahama, na kaka zangu wote wawili walikuwa wamekwenda kutafuta kazi kwenye almasi upande wa Songwa. Boma lake lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka gatini. Gati ni jina kubwa kwa kitu chenyewe. Palikuwa na ghuba ndogo ya ziwa, mbao zilizopangwa juu ya nguzo, ghala la mabati la kuwekea marobota ya pamba, na nyumba moja yenye veranda alimokaa Mzungu aliyesimamia vyote hivyo. Meli ilipita kila baada ya wiki mbili. Msimu wa pamba palijaa watu na matusi yao. Pamba ikiisha walibaki ndege.

Kazi niliipata kwa sababu ya mguu wa huyo Mzungu. Aliteleza kwenye mbao za gati akavunjika, akarudi kutoka hospitali akiwa amefungwa plasta mpaka pajani. Naye alikuwa Mzungu wa ndege. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika kila asubuhi ndege aliowaona tangu ghalani hadi mafunjo yanapoanza, na sasa alikuwa amekaa verandani na darubini yake, haoni ila paa la ghala. Alimtuma mpishi wake kuuliza kama yuko mtu wa karibu anayejua kuandika. Mimi nilisoma kwa masista hadi darasa la nne. Baba aliniambia niende, nami nyakati zile nilifanya chochote nilichoambiwa.

Alikuwa mzee, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba vizuri tu, akanifundisha wiki nzima kwa kitabu chenye picha. Huyu membe, huyu kitwitwi, huyu sululu mwenye mdomo uliopinda kwenda chini. Mnandi ni mwenyeji, anakaa mwaka mzima. Wale wengine ni wageni, wanakimbia baridi ya Ulaya, maana huko wakati huo maji ya ziwa yanakuwa magumu, mtu anatembea juu yake. Alinitazama aone kama nitashangaa. Nilisema sawa, nikauliza daftari liko wapi.

Ilikuwa kazi iliyonifaa, kwa kuwa haikutaka moyo. Nilifika ghalani jua likiwa bado chini, nikatembea ufukweni polepole nikiangalia na kuandika. Membe mia mbili na kumi. Vitwitwi kumi na tisa. Sululu wawili, yule mmoja anachechemea. Nilirudi verandani nikasoma kwa sauti, Mzungu akanakili kwenye daftari lake kubwa, mpishi akanipa chai, nikaenda nyumbani. Watu walisema maskini, ukiwa umemwingia kichwani, anaongea na ndege. Sikuongea nao hata siku moja. Niliwahesabu.

Baba hakuipenda hiyo hesabu. Ng'ombe wake aliwajua kwa rangi na kwa tabia, na jioni alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama wakiingia, akajua nani hayupo bila namba yoyote. Alisema kilicho hai hakihesabiwi, ukikihesabu unakionyesha njia ya kuondoka. Nikamjibu kwamba ndege wale si wetu, wakiondoka na waondoke. Kule Geita niliwahi kuwahesabia majirani meno ya mwanangu, moja moja, kwa kidole, huku nacheka. Hilo sikumwambia.

Korongo walikuja na mvua za mwezi wa kumi na mbili, weupe wenye mabawa meusi mwishoni na miguu myekundu. Hawa hawakukaa ghubani sana. Walishuka mashambani nyuma ya ghuba, kwenye mtama mchanga, wakatembea kwa mistari wakiokota viwavi. Watu wa huko, Wazinza na sisi Wasukuma tuliohamia, hatukuwarushia jiwe. Baba aliwapenda kwa kuwa walitembea kati ya ng'ombe wake bila kuwashtua. Nilianza kuwahesabu nao, ingawa ilinibidi kupanda kilima.

Siku moja mwezi wa kwanza nilirudi nikamkuta baba amekaa uani na korongo miguuni pake. Alikuwa amemfunga mabawa kwa shuka. Bawa moja lilikuwa limechanika, na damu imekauka kwenye manyoya. Alimkuta amesimama kati ya ng'ombe, akashindwa kuruka pale wenzake waliporuka, akamfuata baba na kundi mpaka karibu na boma. Hilo la kufuata ndilo lililomfanya amtazame vizuri. Na alipomtazama aliona, juu ya goti la mguu wa kulia, pete ya chuma cheupe yenye maandishi.

"Ana mwenyewe," aliniambia.

Ili mtu aelewe kwa nini baba alilisema hivyo, uso wake umekauka, lazima ajue habari ya dume la madoa. Kwetu Shinyanga, mnyama akipotea akaingia kundini mwako, unatazama alama yake, unapeleka habari kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, siku hiyohiyo, kisha unamtunza kama wako mpaka mwenyewe aje. Mwaka mmoja dume la mtu liliingia kwa baba wakati wa palizi. Mama alikuwa mgonjwa, shamba limejaa magugu, baba akasema atapeleka habari kesho. Kesho ikawa siku ya tano. Siku ya tano mwenye dume alifika na wazee, akalikuta zizini, na baba akaitwa barazani kwa mtemi akaitwa mwizi mbele ya watoto wake. Adhabu aliilipa. Lililomshinda ni wimbo. Vijana wa ngoma walimtungia wimbo wa dume linalolala kwa jirani, ukaimbwa kila mavuno, na hata wasiomjua waliujua. Ndipo alipokusanya ng'ombe na kuelekea magharibi, kwenye nchi ambako wimbo ule haukuwa umefika bado.

Basi yule korongo hakulala kwetu bila taarifa. Baba alivaa kanzu yake, akaenda kwa mwanangwa jioni ileile, akaeleza kwamba ameokota ndege mwenye alama. Mwanangwa alicheka mpaka akashika ubavu, lakini baba hakuondoka mpaka aliposikia kwamba itatangazwa. Ikatangazwa kweli, siku ya mnada, kati ya mbuzi aliyepotea na jembe lililookotwa: korongo mmoja, pete mguu wa kulia, yuko kwa fulani. Alijitokeza mtu mmoja tu, mchimbaji kutoka machimboni, aliyedhani ile pete ni fedha. Baba alimwuliza imeandikwa nini, akababaika, akaenda zake.

Korongo akawekwa katika zizi dogo la ndama, lile lililoezekwa kwa nyasi, lenye miti mitatu ya kuziba mlango. Baba alimsafisha bawa kwa maji ya chumvi. Alimletea vyura na panzi, na mimi nikaagizwa kuja na furu, samaki wadogo, kutoka kwa wavuvi kila nilipotoka gatini. Alikula. Baada ya wiki tatu akaanza kukunjua yale mabawa yote mawili, yakagusa kuta za zizi huku na huku.

Mzungu nilimwambia habari hii siku ya pili tu, kwa kuwa iliingia katika hesabu: korongo mia moja thelathini na nane shambani, mmoja nyumbani. Alishika mikono ya kiti akataka kusimama na plasta yake. Akanituma ninakili maandishi yote ya pete, herufi kwa herufi, na nilipoleta yeye mwenyewe akayasoma mara tatu. Akanieleza. Kuna watu huko Ulaya wanaowavisha ndege pete wakiwa bado kiotani, ili wajue wanakokwenda. Anayemwona anaandika namba na mahali, anatuma barua. Basi. Ndege hana mwenyewe, pete si alama ya mali. Akaandika barua siku hiyo, meli ikaichukua.

Nilimwambia baba kwamba pete imevishwa na watu wa Ulaya na kwamba wameandikiwa. Alifurahi sana. Alisema vema, maana sasa habari imefika kwa mwenyewe na hakuna atakayesema aliificha. "Tungoje jibu," akasema, akaenda kukata nyasi za kumtandikia.

Mwezi wa pili katikati, Mzungu aliniuliza bawa likoje. Nikamwambia limepona. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka yalivyopangwa, maana aliyasema taratibu ili yasinipotee: "Mwambie baba yako amfungulie. Msingoje jibu, jibu litachelewa. Mwezi wa tatu wenzake wanaondoka, na akibaki peke yake hatakaa sana." Nikasema nitamwambia. Akaniuliza tena siku tatu baadaye, nikasema nimemwambia, mzee anatafakari.

Sikuwa nimemwambia.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Njiani siku ile ya kwanza nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilifika, nikamkuta baba akimkamua ng'ombe mwekundu, na korongo amesimama mlangoni mwa zizi la ndama, shingo katikati ya miti, akimtazama. Baba alikuwa akimsimulia huyo ndege jambo kwa Kisukuma, habari ya mvua ya zamani, nadhani. Nikaweka furu chini. Baba akauliza Mzungu anasemaje, nikamjibu kwamba bado hakuna barua. Ilikuwa kweli. Nikaenda kupika ugali, na katika kupika sikusikia chochote moyoni, wala aibu.

Mzungu aliondoka mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Mguu ulikuwa haukuunga sawa, wakampeleka Mwanza kwa meli akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwake. Aliniachia darubini na daftari, akasema niendelee mpaka atakapokuja mwingine. Kabla hawajambeba akauliza kama korongo amefunguliwa. Nikasema ndiyo. Uongo huo ulitoka laini kama maziwa, na yeye akashukuru, akafumba macho.

Sasa alibaki mtu mmoja tu duniani aliyejua. Kila asubuhi niliandika. Membe mia na tisini. Membe themanini. Vitwitwi sita. Korongo walikuwa mia na arobaini, na walikuwa wameanza kukusanyika katika shamba moja, wamesimama wote wakitazama upande mmoja wa upepo, hawali. Mzungu alikuwa amenieleza kwamba wakianza hivyo hawakai siku nyingi. Nilijua hata saa yenyewe: si asubuhi, bali jua linapopanda na ardhi kupata moto, ndipo hewa inapowabeba.

Siku walipoondoka nilikuwa nyumbani. Baba alikuwa malishoni. Nilikuwa natwanga mtama uani nikaona kivuli kinapita juu ya mtama, kisha kingine, nikainua macho. Walikuwa juu ya boma, wanazunguka bila kupiga bawa, kila mzunguko wanakwenda juu kidogo. Hawakutoa sauti. Yule wa zizini ndiye aliyetoa. Aligonganisha mdomo wake, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayepiga vijiti viwili, akarudi nyuma, akajaribu kukimbia katika hatua tatu zilizokuwemo mle ndani, akagonga ukuta.

Niliacha mchi, nikaenda mpaka mlangoni. Ile miti mitatu hata mtoto angeweza kuichomoa. Nikaweka mkono juu ya ule wa juu. Yeye akasimama karibu kabisa, ananitazama kwa jicho moja, kisha anainamisha kichwa upande kutazama juu kupitia tundu la nyasi, kisha mimi tena.

Nilitaka abaki. Hilo ndilo, na sitalipamba. Tangu mwezi wa kumi lilikuwa jambo la kwanza kulitaka. Wote walikuwa wanaondoka, mmoja mmoja na kwa makundi, na mimi nimepewa penseli ya kuwaandika, na nilitaka mmoja tu azuiliwe, aone inavyokuwa kuachwa. Nilisimama pale mpaka walipokuwa vijidoa juu ya ziwa, mpaka vijidoa vikaisha. Kisha nikaondoa mkono, nikarudi kwenye mtama. Kesho yake niliandika korongo, hakuna.

Baba aliporudi siku ile alimkuta amejikunja pembeni, hataki kula. Akaniuliza kama kuna mtu aliyemtisha. Nikasema hapana.

Miezi iliyofuata watu walimtania baba wapendavyo. Walimwuliza kama mwanawe wa Ulaya amezoea ugali, na atamlipia ng'ombe wangapi akitaka kuoa. Baba alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka kirahisi siku hizo, kwa sababu alikuwa ametulia: kitu cha watu kilikuwa zizini kwake na wote wanajua, mwanangwa anajua, mnada mzima unajua. Alimtoa nje mara kwa mara akiwa amemfunga kamba mguuni ili aote jua, akamrudisha. Kila meli ilipokuja aliniuliza habari za barua, nami nikamwambia bado.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Upepo wa ziwa ulivuma siku nzima, mavumbi yakapanda, nyasi zikakauka na vyura hawakuonekana tena. Korongo alikula furu wawili, kisha mmoja, kisha akawa anawaangalia tu. Alisimama kwa mguu mmoja, kichwa ndani ya manyoya, na ile pete ikaonekana kubwa kuliko goti lake. Baba alimfunika kwa gunia. Alijaribu kumpa maziwa kwa kibuyu kidogo, kile cha kunyweshea ndama walioachwa na mama zao. Asubuhi moja mwezi wa saba nilimkuta baba amechuchumaa mle zizini, naye korongo amelala ubavu, shingo imenyooka juu ya majani.

Sikusikia kitu. Nilisema pole, baba, nikaenda zangu gatini kuhesabu mnandi.

Niliporudi alikuwa akimchuna. Ng'ombe wa mtu akifia kwako, hutupi wala huziki hivihivi: unamchuna, unaikausha ngozi yenye alama, unampelekea mwenyewe aione kwa macho yake, ajue kwamba mali yake ilikufa, haikuliwa kwa siri wala kuuzwa. Hilo kila mfugaji analijua. Sikuwahi kuliona likifanywa kwa ndege. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi, akienda polepole sana ili manyoya yasing'oke. Mguu wenye pete aliuacha na ngozi. Ilimchukua mpaka alasiri. Akaipaka majivu na chumvi, akaiwamba juu ya vijiti kivulini, ikakauka kwa siku nne, mabawa yamefunguka yote mawili.

Siku ya tano aliifunga kwa gome la mti, akaleta na kigoda kingine, akaniambia nichukue karatasi. Meli ilikuwa inapita kesho yake. Anwani ilikuwa palepale kwenye pete.

Alikuwa ameyafikiria maneno. Aliyasema moja moja, akangoja niandike, akaniomba nimsomee. "Andika: Ndege wenu amefia mkononi mwangu. Sikumwiba, sikumla. Alikuja mwenyewe na bawa bovu, nikamtunza, nikatoa habari. Sikujua anachotaka. Kosa ni langu. Hii ndiyo ngozi yake."

Niliandika mpaka "sikujua anachotaka." Hapo penseli ikasimama. Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, majivu bado kwenye kucha, akinisubiri, na niliona kwamba mtu huyu aliyehama nchi kwa ajili ya neno moja alikuwa anajiandikia kosa kwa watu asiowajua, na kwamba alikuwa anafanya hivyo kwa hiari, kwa sababu alidhani ni lake.

Nikamwambia. Sikupamba wala kupunguza. Nilisema Mzungu aliagiza afunguliwe, nami sikufikisha. Alipouliza nilimwambia amefunguliwa.

 Baba akauliza Mzungu aliagiza lini.

"Mwezi wa pili."

"Wenzake walikuwapo bado?"

"Walikuwapo. Mia na arobaini."

Akalifunika lile furushi la ngozi kwa kiganja. Akaniuliza, wala hakupandisha sauti, nilikuwa nataka nini.

"Nilitaka abaki," nikasema. Na nilipolisikia likitoka kwa sauti yangu mwenyewe, kitu kikanivunjika kifuani, nikasema tena, nilitaka abaki, nilitaka abaki, na haikuwa tena habari ya korongo, na baba alijua, kwa kuwa alisogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana. Nililia vilio ambavyo wale wanawake walikuwa wamekuja kuvisikia mwezi wa kumi na moja. Nililia mpaka karatasi ikalowa. Baba hakunishika wala hakuniambia ninyamaze. Alikaa tu.

Nilipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na ng'ombe wamekuja wenyewe mpaka mlangoni mwa zizi. Nilimwuliza niandike nini sasa. Nilidhani ataniambia niandike ukweli, kwamba aliyekosa ni binti yake. Nilikuwa tayari.

"Chukua karatasi nyingine, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Pale niliposema mimi, andika sisi."

Nikaandika upya. Ndege wenu amefia mikononi mwetu. Hatukumwiba, hatukumla. Kosa ni letu. Nikamsomea mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Chini niliandika jina la baba, kisha nikaandika la kwangu.